Kompyuta Ndani ya Kompyuta

Msomaji, karatasi ni mtumishi mvumilivu. Mwandishi akiandika juu yake leo na akafa kesho, karatasi hukaa kimya miaka mia mbili ikimngoja msomaji, wala haidai kwake ila macho mazima na ujuzi wa maandishi. Nakala ya Utendi wa Tambuka iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu mwaka 1728 ingali inasomwa. Wengi wetu hatuzijui herufi hizo, lakini ajuaye akiitwa huja, akaketi, akafunua na kusoma. Hana haja ya kumfufua mwandishi, wala ya kukisaka kidau chake cha wino.

Mambo ya kompyuta hayako hivyo. Faili iliyoandikwa mwaka 2003 yaweza kuwa nzima kabisa, isipungukiwe na hata tarakimu moja, na bado isisomeke. Kuisoma kwahitaji programu iliyoiandika. Programu ile yahitaji mfumo wa uendeshaji ambao ilitungwa kwa ajili yake, yaani ile programu kuu inayoamka kwanza kompyuta iwashwapo na kuzitawala nyingine zote. Mfumo ule nao wahitaji mashine ya zama zake. Huu ni mnyororo, na mnyororo ukikatika pete moja, hata zile pete zilizo nzima hazina kazi. Habari nitakayokusimulia ni ya kuunga mnyororo wa namna hiyo, na maarifa yenyewe ni ya ajabu kidogo: mashine iliyokufa haikutengenezwa, bali ilifanyiwa mfano wake ndani ya mashine iliyo hai.

Mfano wangu ni wa Bombolulu, mtaa wa Kisauni, upande wa bara ulio kaskazini ya kisiwa cha Mombasa. Ukivuka daraja la Nyali ukaishika barabara ya Malindi, utaupita mtaa huo kabla hujafika Bamburi. Watu wa mbali hulijua jina lake kwa karakana za watu wenye ulemavu zilizoanzishwa mwaka 1969, ambamo vito, nguo na viti vya magurudumu hutengenezwa. Lakini mafundi wa Bombolulu si hao peke yao. Katika vichochoro vyake mna maseremala, wachomeleaji wa vyuma, mafundi wa simu na washonaji wa kila namna. Mmoja wa washonaji hao, mama wa makamo ambaye ni jirani yangu, hufanya kazi ya kudarizi kwa cherehani ipokeayo michoro kutoka katika kompyuta. Hudarizi nakshi za shingo ya kanzu, majina ya maharusi juu ya foronya, na zaidi ya yote nembo za shule juu ya sweta. Desemba na Januari, wazazi wanapohangaika na sare, cherehani yake hailali.

Kompyuta yake aliinunua mwaka 2004. Mfumo wake wa uendeshaji ulikuwa Windows XP, uliotolewa na Microsoft mwaka 2001. Kwa miaka kumi na miwili ilifanya kazi moja tu, na iliifanya vyema. Kisha Novemba 2016 umeme ukakatika mtaani, ukarudi kwa kishindo, na kompyuta haikuwaka tena. Nadhani umeme ulimaliza kazi iliyoanzwa na bahari. Hewa ya pwani hubeba chumvi, na chumvi huingia katika kila tundu, ikatia shaba ukijani na chuma kutu, bila haraka na bila kelele. Fundi wa kompyuta aliifungua, akatazama, akaifunga, na hakutaka malipo.

Ndani ya diski ya kompyuta ile mlikuwa na nembo za shule zaidi ya arobaini, ambazo kila moja ilimgharimu mama yule siku mbili au tatu za kuchora kwa uangalifu. Januari ilikuwa karibu. Shule ambayo isingepata sweta zake kwa fundi huyu ingezipata kwa mwingine, na mteja aliyekwisha kwenda kwa mwingine hana desturi ya kurudi.

Labda utauliza: kwa nini nembo zisidariziwe tu, maadam cherehani ilikuwa nzima? Hapa sharti nikueleze jambo ambalo nami sikulijua mpaka nilipoelezwa. Cherehani haijui simba, wala nanga, wala kitabu kilichofunuliwa. Yenyewe hupokea orodha ndefu ya hatua: kitambaa kisogezwe hivi, sindano ichome, kisogezwe tena, ichome tena, na hivyo hivyo mara elfu nyingi. Katika aina moja ya orodha inayotumiwa sana na mafundi wa kudarizi, hatua hupimwa kwa sehemu za kumi za milimita, na hatua moja haiwezi kupita milimita 12.1. Hata rangi ya uzi haimo ndani yake. Mna alama ya kusimama tu, ili fundi abadili uzi kwa mkono wake. Orodha chache za namna hiyo alikuwa nazo ndani ya flopi. Lakini orodha si mchoro. Ukitaka nembo ya sweta ya mtoto iwe nembo ya bendera ya shule, ukaikuza orodha kama ilivyo, mipigo ya sindano huachana, na kitambaa huchungulia katikati ya nyuzi. Mchoro wa asili, ulio na maumbo yanayoweza kukuzwa na kupunguzwa pasipo kuharibika, ulikuwa katika faili zisizofunguka ila kwa programu iliyozifanya. Na programu ile watengenezaji wake walikuwa wamekwisha kuiacha.

Akanunua kompyuta mpya ya mkononi kwa fedha za kukopa. Ilikuwa na Windows 10 ya biti 64, nzuri, nyepesi na yenye nguvu nyingi kuliko ile ya zamani. Diski ya programu ikatiwa, nayo ikakataliwa. Sababu zilikuwa mbili. Kwanza, ile sehemu ya programu ifanyayo kazi ya kuisimika katika kompyuta iliandikwa kwa mtindo mkongwe wa biti 16, na Windows ya biti 64 haiendeshi kabisa programu za mtindo huo. Pili, programu haikubali kufunguka mpaka ione ufunguo wake, kijiti kidogo kinachochomekwa ubavuni mwa kompyuta ili kuthibitisha kwamba mwenye kuitumia ameinunua. Ufunguo ule ulijua kuzungumza na Windows XP tu. Kompyuta mpya iliutazama kama mtu anavyotazama barua ya lugha asiyoijua.

Aliyemtoa katika dhiki hiyo alikuwa kijana mwenye kibanda cha kutengeneza simu karibu na barabara kuu. Hakuuliza habari za kompyuta iliyokufa. Aliuliza jambo moja tu.

"Mama, diski yenyewe ni nzima?"

"Sijui, mwanangu. Ninalojua ni kwamba kazi zangu zote zimo humo."

"Basi ikiwa nzima, mashine hatuihitaji. Tutaitengenezea nyingine isiyoshikika."

Mashine isiyoshikika ndiyo iitwayo mashine pepe. Neno hili pepe tumekwisha kulizoea katika barua pepe, nalo hapa lina maana ile ile ya kitu kinachofanya kazi bila ya kuwa na kiwiliwili. Fikiri juu ya samaki wa baharini aliyewekwa katika sanduku la kioo. Maji yakiwa na chumvi ya kadiri yake, joto lake likiwa la kadiri yake, na chakula kikija kwa wakati, samaki yule huogelea na kuishi. Hajui kwamba nje ya kioo kuna sebule, viti na watu. Mfumo wa uendeshaji wa zamani ni kama samaki yule. Haukudai kamwe mashine ya chuma. Ulichodai ni majibu. Huuliza: kuna diski? Hujibiwa: ipo. Huuliza: kumbukumbu ni kiasi gani? Hutajiwa kiasi. Huomba kuandika herufi juu ya kioo, na herufi huonekana. Basi ikiwa kuna programu iwezayo kuyajibu maswali hayo yote vile vile kama mashine ya mwaka 2004 ingaliyajibu, mfumo hauna njia ya kutambua kwamba diski yake ni faili moja tu katika kompyuta nyingine, na kwamba kioo chake ni dirisha dogo katikati ya kioo kikubwa.

Usidhani kwamba haya ni mapya. Kampuni ya IBM ilianza kuyafanya katika miaka ya 1960, huko Cambridge katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Zamani zile kompyuta moja ilijaza chumba na bei yake ilikuwa mali nyingi, hata haikuwezekana kila mwenye haja apewe yake. Wahandisi wakaigawa moja kwa maarifa, kila mtumiaji akaiona kama ni yake peke yake, na mwaka 1972 IBM ikautangaza mfumo wa kazi hiyo kwa wateja wake kwa jina la VM/370. Haja yao ilikuwa kugawana mashine ya ghali. Haja ya kuhifadhi mifumo iliyozeeka ilikuja baadaye, kompyuta ndogo zilipoenea na kuanza kubadilika kila miaka michache. Programu iitwayo QEMU, iliyoanzwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003, na nyingine iitwayo VirtualBox, iliyotoka mwaka 2007, zimeifanya kazi hii iwezekane kwa mtu yeyote mwenye kompyuta ya kawaida, wala hazihitaji kununuliwa.

Sasa turudi kwenye kibanda. Kijana aliitoa diski katika ile kompyuta mfu, akaifunga kwa kiungo kwenye kompyuta mpya, na kuinakili yote, si faili moja moja, bali diski nzima tangu mwanzo hadi mwisho, ikawa faili moja kubwa. Mahali pawili diski ilisitasita na kulia kwa sauti nyembamba, na mama yule akawa anatazama ukutani. Kazi iliyoanza alasiri ilikwisha baada ya isha.

Kisha akaunda mashine pepe. Akaigawia kumbukumbu ya megabaiti 512, ambayo ilikuwa sehemu moja ya kumi na sita ya kumbukumbu ya kompyuta mpya, na kwa Windows XP ni nyingi, kwa kuwa mfumo ule uliridhika hata na megabaiti 64. Akaipa ile faili kubwa iwe diski yake, akaiwasha. Kioo kikageuka rangi ya samawati, yakaja maneno ya huzuni, ikazima. Akaiwasha tena, mambo yakawa yale yale. Hapo niliona faida ya kufahamu sababu za mambo kuliko kujua vitufe. Kijana hakurudia mara ya tatu kwa matumaini. Alisema kwamba mfumo ule ulikuwa umezoea diski iliyofungwa kwa namna ya zamani, naye ameipa mashine pepe namna mpya. Akabadili neno moja katika mipango ya mashine, akaiwasha. Ikatokea ile picha ya kilima cha majani mabichi chini ya anga lenye mawingu, ambayo wazee wa kompyuta wote huijua.

Mfumo ulitambua kwamba umeamka katika mwili mgeni, ukadai kuthibitishwa upya. Mama alikuwa amehifadhi sanduku alilouziwa Windows mwaka 2004; nambari yake ikaandikwa, ikakubaliwa. Mwisho ukachomekwa ufunguo. Kompyuta mpya haikuuelewa, lakini haikupaswa kuuelewa. Kazi yake ilikuwa kuupitisha tu kama tarishi apitishavyo barua iliyofungwa, na Windows XP iliyo ndani ikaupokea na kuusoma. Programu ya kudarizi ikafunguka. Mama yule alivuta kiti, akafungua nembo moja, akaikuza, akaipunguza, akaikuza tena, na hakusema neno kwa muda mrefu. Januari ile sweta za shule zake zote zilitoka kwa wakati.

Msomaji, usiharakishe kusema kwamba basi taabu imekwisha. Samaki ndani ya kioo ana hatari zake. Microsoft iliacha kuitunza Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, yaani matundu yaonekanayo katika kuta zake hayazibwi tena. Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilienea katika nchi nyingi, kikifunga faili za watu na kudai fidia. Hofu ilikuwa kubwa hata Microsoft ikatoa kiraka kwa Windows XP pia, ingawa ilikuwa imekwisha kuiacha. Kwa hiyo mashine pepe ya zamani haifai kuunganishwa na intaneti. Ile ya Bombolulu haikuunganishwa. Faili hupita kwa mlango mmoja mdogo kati yake na kompyuta kubwa. Tena uko upande wa sheria. Mfumo wa uendeshaji hauwi mali ya umma kwa kuzeeka. Wenye hakimiliki ni wale wale, na kuunakili bila ruhusa ni kosa hata kama hauuzwi tena popote. Atakaye kujifunza bila ya dhima aanze na FreeDOS, iliyobuniwa na Jim Hall mwaka 1994 kwa mfano wa mfumo wa MS-DOS, nayo hutolewa bure kwa kila mtu.

Na liko jambo la tatu, ambalo halijapata dawa. Diski imenakiliwa, na nakala yake imenakiliwa tena, na mama huweka moja kwake na nyingine kwa dada yake Changamwe. Lakini ule ufunguo haunakiliki. Ulifanywa makusudi usinakilike. Siku utakapopotea au kuliwa na chumvi, michoro yote itakuwepo, Windows itaamka, kilima kitaonekana, na programu haitafunguka. Naliona hili kuwa dhuluma ndogo: mtu amenunua kitu kwa haki, na haki yake imefungwa katika kijiti kinachopungua urefu wa kidole. Kwa sababu hiyo mama huyo ameanza kuchora upya nembo zake katika programu mpya, mbili au tatu kila mwezi, akiitazama ile ya zamani dirishani kama mwanafunzi anayenakili maandishi ya ubaoni.

Kuna wakati mfumo mkongwe hushindwa si kwa kuwa mashine haitoshi, bali kwa kuwa imezidi. Windows 95, katika kuamka kwake, huipa kompyuta kazi ya kurudia-rudia ili kupima mwendo wake, kisha hugawanya hesabu ile kwa muda uliotumika. Waliouandika hawakuota kwamba itakuja siku kazi ile itakwisha upesi kiasi cha muda wake kuhesabiwa sifuri. Siku hiyo imekuja. Mashine za leo huimaliza mara moja, mfumo hujaribu kugawanya kwa sifuri, na mwalimu wako wa hisabati atakwambia yatokeayo. Walioandika programu kwa lugha ya Pascal katika miaka ya 1990 walikutwa na kisa cha namna hiyo hiyo. Dawa yake ni kuurekebisha mfumo kwa kiraka, au kuifanya mashine pepe iende polepole, na sioni mahali pengine ambapo fundi husifiwa kwa kuipunguzia mashine nguvu.

Kazi hii haikomei kwa sweta. Chuo Kikuu cha Emory, huko Atlanta, Marekani, kilipopewa kompyuta za mwandishi Salman Rushdie, kilihifadhi moja yake kwa maarifa haya haya, na tangu mwaka 2010 wasomaji waliweza kuketi na kuiona kama yeye alivyoiona alipokuwa akiandika. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunayo haja iliyo karibu zaidi. Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitolewa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizozungumza Kiswahili kutoka mwanzo hadi mwisho, kazi ya mradi ulioitwa Kilinux. Baadaye Microsoft nayo ikatoa maneno ya Kiswahili ya kuivika Windows XP. Wafasiri wale walikaa wakashauriana juu ya kila kitufe na kila onyo: hili tuliiteje, lile tulitohoe au tulibuni? Baadhi ya maneno yao unayatumia leo bila kujua yalikotoka. Mengine yalikufa pamoja na mashine zilizoyabeba. Orodha ya maneno peke yake haitoshi kwa mwanafunzi wa lugha. Neno la kitufe hupimwa mahali pake, likiwa na majirani zake, mbele ya mtu aliye kazini, na mahali pale hapaonekani tena ila mfumo ule uamshwe.

Santuri za programu hizo zilifika katika shule na ofisi za Afrika Mashariki. Ikiwa katika chumba cha kompyuta cha shule yenu liko kabati lililojaa vitu visivyo na mwenyewe, na mwalimu akawatuma kulisafisha, itafuteni santuri ya namna hiyo kabla kabati halijamwagwa jalalani. Isomwe na kunakiliwa kwanza, maana santuri nayo huharibika, na unyevu wa pwani hauihurumii. Kisha muulizeni mwalimu kama yuko mtu mtaani ajuaye kuunda mashine pepe. Bombolulu namjua mmoja, na kibanda chake hufunguliwa saa mbili asubuhi.